Nilimsindikiza Nani?

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, imechapwa vizuri, ina nembo ya kampuni juu na mstari wa kuweka sahihi chini. Mama Mawe aliisoma akiwa amesimama, akavuta kiti akaisoma tena, na mara ya tatu akaisoma kwa sauti, labda masikio yangemwambia tofauti na macho. Wapi! Miaka kumi na moja ya kazi, safari sitini na tatu, zote zimepangwa kwa Kiingereza kutoka juu hadi chini, na kila safari inaanza na neno lile lile: "accompanied".

"Maana yake alisindikiza," alisema Kamusi, wala hakuna aliyemuuliza.

Kamusi alikuwa karani wa safari. Jina hilo alipewa na mafundi kwa sababu hakuna Kiingereza kilichotoka katika kampuni ile bila kupita mezani kwake kupigwa pasi. Mtu akiandika "I want", Kamusi atakata aandike "I hereby wish to request". Alipenda maneno marefu kama watu wengine wanavyopenda viatu vinavyong'aa.

"Maana yake naijua," alisema Mama Mawe. "Nauliza, nilimsindikiza nani?"

"Injinia, dada yangu. Injinia anaongoza, wewe unasindikiza. Ndivyo inavyoandikwa siku zote."

"Ndivyo inavyoandikwa. Ndivyo ilivyokuwa?"

Kamusi akajifanya hamnazo, akaanza kupanga peni zake kwenye kikombe.

Huyu Mama Mawe hakuwa na mtoto aitwaye Mawe, msije mkadhani. Mawe yalikuwa ya mizani. Kampuni ilitengeneza na kukagua mizani za viwandani, za maghala na za hospitali, na yeye ndiye aliyesafiri nayo: sanduku la chuma lenye mawe manne ya kilo kumi kumi na vijiwe vyake vidogo. Sanduku lilikuwa na vishikio viwili, kimoja kila upande, kwa kuwa aliyelitengeneza alidhani litabebwa na watu wawili. Mama Mawe alishajua namna ya kulikumbatia tumboni na kupanda nalo ngazi za basi huku kondakta akimwangalia kwa mdomo wazi.

Sasa, kuna jambo la kampuni hii ambalo ukimsimulia mtu wa nje atakuona mwongo. Ripoti ya safari iliandikwa kabla ya safari. Ndiyo, kabla! Zamani mkubwa mmoja aligomba kwamba ripoti zinachelewa, na Kamusi akapata dawa: akaziandika mapema, zikae tayari, fundi aweke sahihi asubuhi ya kuondoka na mambo yaishe. Mtu hajapanda basi, tayari ameshafika, ameshakagua, ameshatengeneza na mteja ameshafurahi. Fomu ilikuwa na nafasi ya kiongozi wa safari, na kiongozi kwa desturi alikuwa injinia, kwa hiyo jina la Injinia lilichapwa pale hata kabla hajaulizwa kama ana nafasi ya kwenda. Akienda, sawa. Asipoenda, ripoti imeshamfikisha.

Mama Mawe alikuwa akiweka sahihi haraka haraka, mguu mmoja nje, asije akakosa basi. Miaka yote hiyo hakujali. Neno ni neno, alijiambia, mizani ndiyo inayonipa kazi.

Lakini wiki hiyo mkurugenzi mpya alibandika tangazo. Wenye kampuni, waliokuwa mbali huko na hawakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, walitaka idara ya safari ipunguzwe. Walitaka kuletewa karatasi ya kila mtu ifikapo Ijumaa, kwa Kiingereza, inayoeleza safari zake za kikazi. Walioongoza safari watabaki. Waliosindikiza watashukuriwa na kuagwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano.

"Weka sahihi hapo chini tu," alisema Kamusi kwa upole. "Nimekuandikia vizuri, hata makosa hayamo."

"Siweki."

"Dada!"

"Siweki, Kamusi. Niroge ukitaka." Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ovaroli na kutoka.

*

Nyumbani, shangazi yake alikuwa ameketi barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Shangazi huyu ndiye aliyemlea. Alikuwa amestaafu kazi ya simu, zile simu za zamani za kuchomeka nyaya kwenye ubao, na kwa miaka thelathini aliunganisha mazungumzo ya Kiingereza ya watu wakubwa. Alikuwa akisema, kama wangejua alichosikia wangemlipia nyumba ya ghorofa anyamaze.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umeukunja hivyo, kuna mtu amekukanyaga?"

Mama Mawe akampa karatasi. Shangazi akavaa miwani, akasoma kimya. Alipomaliza aliishika kwa ncha za vidole viwili, mbali na mwili.

"Huyu aliyeandika hivi ana mama?"

"Anaye."

"Masikini mama wa watu." Akaiweka chini. "Haya, lete daftari lako."

Maana Mama Mawe alikuwa na daftari. Si la kampuni, lake mwenyewe, lenye jalada lililolowa grisi hadi likawa jeusi. Kila safari aliandika humo kwa Kiswahili, jioni, kabla ya kunawa: mahali, mizani, ugonjwa wa mizani, dawa aliyoitia. Na kwa mazoea tu, kama mtu anavyoandika hali ya hewa, aliandika ameenda na nani. Wakaketi wote wawili wakalinganisha, shangazi akishika karatasi ya Kamusi, yeye akifunua daftari.

"Kiwanda cha saruji?"

"Peke yangu."

"Ghala la nafaka?"

"Peke yangu. Siku mbili."

"Hospitali, mizani za watoto wachanga?"

"Peke yangu. Injinia alikuwa kwenye arusi ya mdogo wake, hata keki alituletea baadaye."

Walipomaliza, safari arobaini na tatu Injinia hakuwepo. Shangazi alianza kucheka polepole, kisha kicheko kikamzidi nguvu, maji ya beseni yakamwagika barazani. "Mwanangu! Mara arobaini na tatu umemsindikiza mtu aliyelala kwake! Ulikuwa unamtoa wapi, kwenye mkoba?"

Mama Mawe hakucheka. Alikuwa na hasira na Kamusi, na Injinia, na wenye kampuni wasiomjua, lakini hasira iliyomuuma zaidi ilikuwa ya nafsi yake. "Shangazi, sahihi ni zangu. Zote sitini na tatu. Niliweka mwenyewe."

"Uliweka."

"Sasa nitasema nini?"

"Utasema uliweka." Shangazi akatoa miguu majini na kuifuta kwa upande wa kanga. "Kisha utaandika yako. Lete kalamu."

Mwanzoni Mama Mawe alitaka kumpiga Kamusi kwa silaha zake mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa ameyaona yale maneno makubwa kwenye ripoti za Injinia, akayaandika: "facilitated", "coordinated", "spearheaded".

"Hilo la mwisho lina mkuki ndani," alisema shangazi. "Ulimchoma nani?"

"Ndivyo wanavyoandika wakubwa."

"Usinifundishe wakubwa mimi! Wakubwa nimewasikiliza miaka thelathini. Mwenye kazi ya kusema alisema kwa maneno mafupi. 'Send the doctor.' 'The bridge is down.' Amemaliza, amekata simu. Wasio na la kusema ndio walioongea mpaka laini ikachoka. Sasa nijibu mimi, kwa Kiswahili. Kule ghalani, ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Andika 'I went'. Ulipofika?"

"Nililala chini ya mizani, kifudifudi, nikaanza..."

"Usiandike ulilala, watasema ulikwenda kulala. Ulisogeaje huko chini?"

"Nilitambaa."

"'I crawled'. Kisha?"

Mama Mawe akafumba macho. Aliiona tena mizani ya ghala, jukwaa pana la chuma, wakulima wamepanga foleni na magunia yao wakipiga kelele kwamba wanaibiwa, na msimamizi wa ghala akiapa kwamba hamwibii mtu. Wote walikuwa wakisema kweli. Chini ya jukwaa, nafaka iliyodondoka miaka mingi ilikuwa imeshikana na vumbi ikawa ngumu kama tofali, ikawa inalibeba jukwaa na kula uzito wa kila gunia. Aliichokoa kwa bisibisi siku nzima, mchwa wakimtembea shingoni. Kesho yake akapanga mawe yake pembe moja baada ya nyingine, pembe zote nne, mpaka mizani ikasema kitu kimoja kila pembe. Mkulima mmoja mzee akapanda yeye mwenyewe juu ya jukwaa, akasoma uzito wake, akacheka.

"Nilisafisha," alisema. "Nikainua. Nikapima. Nikairekebisha. Ikasema kweli."

"Andika hayo hayo. Neno usiloweza kulisimamia mbele ya watu, liache huko huko lilikotoka."

Ijumaa asubuhi alipovaa ovaroli safi, ukurasa ulikuwa mfukoni, umeandikwa kwa mkono, na hakuna neno humo lililozidi mikono yake.

*

Ofisi ya mkurugenzi ilinuka rangi mpya. Mkurugenzi alikuwa mtu wa haraka, anayeangalia saa kabla ya kukusalimia. Injinia alikuwa ameshaketi, shati limenyooka. Kamusi alisimama karibu na kabati la mafaili, majalada yake mkononi.

"Nimeambiwa umekataa kuweka sahihi," alisema mkurugenzi. "Tatizo nini?"

"Karatasi ina uongo, mkurugenzi. Inasema nilisindikiza. Mimi nilikwenda kufanya kazi."

Injinia akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mpole, akikuta mtu ana msiba anachanga wa kwanza. Lakini upole nao una watu wanaoulipia. "Dada yangu," alisema, "sisi wote ni kitu kimoja. Kwa nini tugombane? Haya ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, kaka, tubadilishane. Wewe chukua 'accompanied', mimi nichukue 'led'. Leo hii, kabla bahasha haijafungwa."

Injinia akatazama viatu vyake.

"Basi tupate neno la katikati," alisema mkurugenzi, akiangalia saa. "Kamusi, hakuna neno la katikati?"

"Lipo, mkurugenzi. 'Participated'. Alishiriki. Ni neno zuri, lina heshima yake."

"Thubutu!" alisema Mama Mawe. Alikuwa hajawahi kupandisha sauti katika ofisi ile, na sauti yenyewe ilimshangaza kwa jinsi ilivyojaa chumba. "Nilishiriki na nani? Kwenye ghala nilikuwa mimi na mchwa. Kwenye mizani za watoto wachanga nilikuwa mimi na muuguzi wa zamu. Muulize Injinia hapo, mizani za watoto zilikuwa na ugonjwa gani?"

Mkurugenzi akamgeukia Injinia. Injinia akamgeukia Kamusi. Kamusi akageukia kabati, lakini kabati nalo halikuwa na la kusema.

"Siku hiyo," alisema Injinia hatimaye, sauti imeshuka, "nilikuwa kwenye arusi ya mdogo wangu."

"Ripoti inasema uliongoza," alisema mkurugenzi.

"Ripoti iliandikwa kabla, mkurugenzi."

"Kabla ya nini?"

Mama Mawe ndiye aliyejibu. Akafungua daftari lake jeusi mezani, juu ya makaratasi meupe ya watu, akamwonyesha ukurasa kwa ukurasa. Safari arobaini na tatu. Alizungumza taratibu, wala hakutia chumvi. Zile safari ishirini alizokwenda na Injinia alizisema pia, na mbili kati ya hizo akasema wazi kwamba Injinia alifanya kazi nzuri, alipanga upya nyaya za mizani ya kiwanda cha sabuni na yeye mwenyewe alijifunza.

"Lakini sahihi ni zako," alisema Kamusi, akipata ahueni kidogo. "Kila ripoti umeiwekea sahihi. Hukulazimishwa."

"Ni zangu. Niliweka sahihi kwenye uongo mara sitini na tatu ili niwahi basi, na kosa hilo ni langu, simsukumii mtu. Ya sitini na nne hamtaipata."

Mkurugenzi alikuwa ameacha kuangalia saa. Akauchukua ule ukurasa wa mkono, akausoma. Ulichukua muda mfupi. "I went. I crawled under it. I cleaned it. I lifted. I tested the four corners. It was right." Chini yake safari nyingine, na nyingine, kila moja na kazi yake.

"Hiki ni Kiingereza cha mtoto wa shule," alisema.

"Umekielewa?"

"Nimekielewa."

"Na kile cha Kamusi umeelewa mizani ilikuwa na ugonjwa gani?"

Mkurugenzi akaichukua karatasi ya Kamusi, akaitazama upande huu na upande ule. Kisha akauliza, "Safari inayofuata ni lini?"

"Jumatatu," alisema Mama Mawe. "Kiwanda cha chumvi. Mizani yao inaganda."

"Kamusi, ripoti ya safari hiyo mtaiandika lini?"

Mkono wa Kamusi ulikuwa umebana jalada la juu, na kule kulibana ndiko kulikomponza. Mkurugenzi akanyoosha mkono. Ndani mlikuwa na karatasi iliyochapwa tayari, tarehe ya Jumatatu, nembo, muhuri. Injinia "led". Mama Mawe "accompanied". Mizani imetengenezwa, mteja ametoa shukrani za dhati.

"Wameshashukuru!" alisema mkurugenzi. "Bado siku tatu, na wameshashukuru!" Akacheka kwa pua, kisha kicheko kikamtoka usoni kabisa, maana alikumbuka ni karatasi ngapi za namna hiyo zimekwenda kwa wenye kampuni zikiwa na jina lake tangu aje. Akaipasua ile ripoti vipande viwili. Akavuta bahasha, akatia ukurasa wa mkono ndani yake, vile vile ulivyo.

"Nitautuma hivi," alisema. "Sitabadilisha neno. Ila siahidi kitu. Sijui watasemaje."

"Waseme wanavyotaka. Wakinifukuza, watamfukuza fundi. Msindikizaji hawamjui wala mimi simjui."

Akatoa mfukoni nakala ya ukurasa wake aliyobakiza, akaiweka mezani, akaitia sahihi, polepole safari hii, herufi kwa herufi, na basi lolote lililokuwa linaondoka saa ile liliondoka bila yeye kujali.

Kamusi, ambaye hakuweza kukaa muda mrefu bila fomu, alikuwa ameshatoa nyingine tupu kwa safari ya Jumatatu. Mama Mawe akaichukua. Kwenye nafasi ya kiongozi wa safari aliandika jina lake, majina yote matatu, na hakuna aliyemzuia. Chini yake kulikuwa na nafasi ya pili, ya mwenzake.

"Hapo niandike nini?" aliuliza Kamusi, kalamu tayari. Akamtupia Injinia jicho la pembeni na kujaribu kujipendekeza kwa Mama Mawe. "Injinia... 'accompanied'?"

Neno likabaki hewani. Injinia aliinua uso, na Mama Mawe akaona kwamba lilikuwa limemchoma, lile lile, mahali pale pale lilipomchoma yeye. Ilikuwa tamu, nisikudanganye. Utamu wa miaka kumi na moja, ungeweza kulamba midomo. Alikaa nao kidogo.

"Acha wazi," alisema.

"Fomu haiwezi kwenda na nafasi tupu, dada."

"Itakwenda. Hajafanya kitu bado, utamwandikia nini? Tukirudi ataandika mwenyewe alichofanya. Kikiwa kweli, nitamwekea sahihi."

Injinia akanyanyuka, akanyoosha shati ambalo lilikuwa limenyooka tayari. "Dada," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, "Jumatatu nije na nini?"

Mama Mawe alikuwa ameshafika mlangoni, daftari kwapani.

"Njoo na nguo za kuchafua," alisema. "Na uje mapema, tulibebe sanduku. Lina vishikio viwili, kaka. Miaka yote hii nimevishika vyote."